Swali la Bwana Mifugo

Ukimpelekea mbwa mgonjwa hakukuuliza jina la mbwa, wala umri wake, wala anakula nini. Alikuuliza: "Amekojoa lini mara ya mwisho?" Akishauliza anakutazama. Watu wengi wa Kilosa walikuwa hawana jibu. Tunajua mbwa wetu walivyobweka jana usiku, na tunajua nani kaumwa na nani. Mkojo wa mbwa ni nani ana nafasi ya kuutazama?

Mimi nina duka la pembejeo na dawa za mifugo, barabara ya kuelekea stesheni. Mbele ya duka kuna benchi, na kwa miaka mingi benchi hilo limekuwa lake. Alishastaafu zamani, na pikipiki ya serikali alishairudisha, lakini jina la Bwana Mifugo halikurudishwa popote. Mkewe mwenyewe alimwita hivyo mbele za watu. Namsimulia kwa sababu ya asubuhi moja ambayo swali lake lilimgeukia yeye. Ilibidi mtu amuulize, maana asipoulizwa atakufa, na katika mji mzima kila mtu alikuwa na adabu mno.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye suruali ya kaki iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa, na mabuti ya mpira ambayo hakuyavua hata kiangazi. Chini ya benchi aliweka vitu viwili: dumu la maji na kopo la udongo mkavu uliochekechwa. Sisi Waislamu wa huku mbwa tunamfuga, maana bila mbwa mahindi yote ni ya nguruwe pori na ngedere, ila hatumgusi, na mate yake yakikupata unaosha mara saba, moja kwa udongo. Bwana Mifugo aliwagusa mbwa kutwa. Akimaliza alikuwa akijiosha pale pale, taratibu, anahesabu kwa sauti ya chini, kisha anakwenda kuswali adhuhuri. Wapo walioguna msikitini. Jibu lake lilikuwa moja: "Najisi inaoshwa. Mnyama akifa ndiyo basi." Udongo ukiisha alinituma mimi nikachekeche mwingine, kana kwamba duka ni lake na mimi ni kibarua.

Kwa kweli alikuwa na haki hiyo, au alijipa. Yeye Mluguru, mimi Mnyamwezi. Baba yangu aliletwa huku na kazi ya reli. Makabila haya mawili ni watani. Siku ya kwanza nilipofungua duka alipita, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kabila. Nilipomjibu akaweka mfuko wake kwenye benchi akakaa. "Kumbe mtumwa wangu ndiye kapata duka! Basi benchi hili ni la kwangu. Chai iko wapi?" Hakuinuka tena. Tangu siku hiyo kila asubuhi utaratibu ulikuwa shikamoo kwanza, matusi baadaye. Nilikuwa naleta chupa kubwa ya chai, na zaidi ya nusu ilikuwa yake. Alikunywa kikombe juu ya kikombe, na kila kikombe alikilaumu. "Hii siyo chai. Haya ni maji ya mto yaliyoonyeshwa majani." Nami nilimwambia siku akifa nitakuja msibani, nizuie jeneza mlangoni mpaka wafiwa wanilipe chai yangu yote. Alisema nijiandae kusubiri.

Kuhusu biashara yangu alikuwa balaa. Mtu anaingia, anasema, "Mama Zuhura, nipe sindano ya mbwa, anakojoa damu." Mimi mkono uko rafuni. Kutoka nje, bila kuinua kichwa, inakuja sauti: "Usimuuzie."

"Bwana Mifugo, mimi nitakula wapi?"

"Utakula kwa mwenye kuku. Wewe kijana, njoo hapa. Hiyo damu inakuja mwisho wa mkojo, au mkojo wote ni mwekundu, au inadondoka tu hata asipokojoa?"

"Sasa mzee, mi nitajuaje?"

"Kaangalie. Ukijua, rudi."

Kijana anaondoka anacheka, lakini anarudi. Baada ya simu za kisasa kuzagaa walikuwa hawarudi, wanamtumia video. Simu ya mzee yule, mtu wa swala tano, ilijaa mbwa wanaoinua mguu. Alizitazama na miwani imeshuka puani, anairudia moja mara kadhaa. Kwa maelezo yake, damu ya mwishoni, mbwa anajikakamua, anatoa kidogo kidogo, anajilambalamba, hapo tazama kibofu. Mkojo wote rangi ya chai ya rangi, fizi zimepauka, mbwa hana nguvu, hapo kumbuka kupe. Damu inayodondoka yenyewe mara nyingi ni uvimbe ule ambao mbwa wanaambukizana kwa kupandana. "Yote matatu ni ya daktari," alimalizia. "Ila daktari atakushukuru ukifika unajua ni ipi."

Yeye mwenyewe hakutaka kuitwa daktari, na haikuwa unyenyekevu, maana unyenyekevu hakuwa nao. Ilikuwa ni kupenda mambo yakae mahali pake. "Daktari yuko ofisi ya mifugo. Ana mpira wa kuingiza kwenye njia ya mkojo na amesomea kuuingiza. Mimi nina macho na benchi." Kazi ya benchi, alivyoiona, ilikuwa ni kuamua nani aende leo na nani anaweza kwenda kesho. Mbwa anayekunywa sana na kukojoa sana aende wiki hii, akapimwe figo na sukari, na kama ni jike mfuko wa uzazi. Mbwa mzee anayelowesha anapolala asipigwe. Hajakosa adabu, amechoka misuli. Mbwa anayekojoa damu aende kesho asubuhi. Na mbwa anayechuchumaa, anajikaza, na hakitoki kitu? Hapo alikuwa anasimama wima. "Huyo ni wa leo. Asiyekojoa hana kesho."

Jambo lililomkera kuliko yote lilikuwa ni desturi yetu ya kumfungia mbwa mchana. Kwetu mbwa wa ulinzi hukaa kibandani gizani tangu alfajiri, asizoee watu, ndipo usiku awe mkali. "Mbwa hapendi kukojolea anapolala," alisema. "Atabana. Anabana kutwa, mwaka mzima, halafu unakuja kunishangaa kibofu kimeoza." Tulimsikiliza, tukaitikia, tukaenda kuwafungia mbwa wetu. Wafugaji wa upande wa Msowero ndio peke yao waliokuwa wakilijibu swali lake papo hapo, kwa kuwa wanashinda na mbwa wao malishoni. Mmaasai mmoja alimjibu, "Asubuhi, kwenye kichuguu, mkojo mrefu, mweupe." Bwana Mifugo alimpa mkono, na aliisimulia habari hiyo mwezi mzima mbele ya wakulima ambao ng'ombe wa watu hao hao walikuwa wamelala mashambani mwao. Hakujali anamuudhi nani.

Alikuwa anakosea pia. Kuna mama mwenye nyumba ya wageni kule Mikumi, karibu na maegesho ya malori. Alikuwa na dume lake kubwa la mbwa, kazi yake kuwafukuza nyani jikoni. Likaanza kukojoa damu. Bwana Mifugo alikwenda, akaona video, akagusa tumbo, akasema ni maambukizi, akampigia daktari simu wakakubaliana sindano. Damu ikakoma. Baada ya muda ikarudi, na safari hii mbwa alisimama mguu juu mpaka akatetemeka, matone mawili. Bwana Mifugo alipanda basi kwenda Mikumi siku hiyo hiyo, wakampakia mbwa kwenye gari la mtu mpaka hospitali ya wanyama Morogoro. Huko walimpiga picha, wakakuta mawe kwenye kibofu, wakampasua. Jiwe moja alipewa. Alilitunza kwenye kiberiti, na mtu akijidai anajua sana alilitoa akalimwaga kiganjani mwake. "Hili nililigusa nikasema ni maambukizi. Picha ingepigwa mapema asingepasuliwa akiwa hoi." Mama wa Mikumi anasema kitu anachokikumbuka ni kwamba mbwa alipozinduka na njia ikawa wazi, yule mzee alifoka kama aliyeibiwa: "Haya, mrudishieni maji! Mnangoja nini?"

Maji yalikuwa na kisa chake. Kabla ya hapo alikuja mzee kutoka Msowero, wa kanzu na kofia, mbwa yumo ndani ya tenga nyuma ya bodaboda. Alimfunika gunia ili asimguse.

"Amekojoa lini mara ya mwisho?"

"Huyu? Huyu anakojoa kutwa kucha, Bwana Mifugo. Anadondosha tu, anadondosha tu. Nikaona nimnyime maji, huenda akakauka."

Bwana Mifugo alivaa glovu. Kwenye mkojo wa mbwa hakuwa na mchezo. Alikuwa akisema homa ya mgunda huanza kwa panya, ikapita kwa mbwa, ikaishia kwako. Akaingiza mkono chini ya tumbo. Nilikuwa mlangoni, nikaona uso wake. Hakufoka. "Mzee mwenzangu," alisema, "huyu hakojoi. Ndoo ikijaa inamwagika pembeni. Hicho kinachodondoka ndicho kilichozidi." Kisha akaongeza, taratibu zaidi, "Na kumnyima maji hakufungui njia."

Wakaenda kwa daktari wakikimbia. Mpira haukupita kwa wakati. Sumu ya mkojo ilikuwa imesharudi mwilini. Mbwa alikufa kabla ya magharibi. Yule mzee wa Msowero alikaa kwenye benchi langu kanzu imelowa, akilia kwa ajili ya mnyama ambaye hakuwahi kumgusa. Nguruwe walikula mahindi yake msimu ule. Bwana Mifugo hakumtaja tena kwa jina la kijiji wala la ukoo, alisema tu "yule aliyenyima maji," na hakulisema kwa dharau.

Bwana Mifugo huyo huyo aliyepaza sauti kuhusu mkojo wa mbwa mbele ya wanawake na wakwe, habari za mwili wake alizificha kama siri ya serikali. Chooni kwangu hakuingia hata siku moja. Akibanwa aliinuka, akarekebisha kofia, akasema, "Ngoja nikaangalie maji ya mto," akashika njia ya Mkondoa. Sote tulijua ni nini, na hakuna aliyetabasamu. Kwa mbwa lilikuwa ni neno lenyewe, kavu. Kwake yeye ulikuwa ni mto.

Masika ya karibuni mto ulianza kuangaliwa sana. Kikombe hakijafika nusu ameinuka. Amerudi, amekaa, ameinuka tena. Fundi baiskeli wa jirani yangu alisema, "Mzee ana wasiwasi na mafuriko," na kwa kuwa Kilosa mafuriko tunayajua, maneno yalipita. Baadaye hakufika tena mtoni. Nilimwona kwa mbali amesimama nyuma ya ukuta wa ghala, mkono mmoja ukutani, muda mrefu. Nikageuza uso kama nilivyolelewa. Akawa anakaa na gazeti mapajani, gazeti lile lile. Suruali ya kaki ikabadilishwa na kanzu nyeusi.

Halafu akaikataa chai.

"Imekushinda leo?" nilimtania.

"Siku hizi hainipendi," akasema.

Sikulifikiria sana mpaka mkewe alipokuja kununua dawa ya viroboto wa kuku. Alinong'ona, ingawa dukani tulikuwa wawili. "Mama Zuhura, mzee wako hanywi maji. Anasema akinywa anasumbuka kuamka. Nguo zake anazifua mwenyewe. Nimemuuliza kama ni tumbo, kanifokea. Wanawe wamepiga simu, wanaishia shikamoo baba, hali yako, njema. Nani atamuuliza?"

Nilimwona mzee wa Msowero na tenga lake. Niliogopa, nasema kweli, na kisha nilikasirika, maana ni mtu huyu huyu aliyetufundisha. Anadondosha, halafu anajinyima maji. Alikuwa amefanya kosa lile lile, tena kwa kichwa kinachojua. Nilimpenda mzee yule. Sikuwa nimewahi kulisema na hata siku hiyo sikuwa na mtu wa kumwambia.

Asubuhi iliyofuata alifika akitembea hatua fupi. Alikaa kwa uangalifu, ameinama mbele kidogo, ngumi kwenye kinena. Fundi alikuwa anaziba pancha. Kulikuwa na mwanamke wa Kilangali anachagua mbegu za bamia. Binti kwa mzee wake hawezi kuuliza neno lile. Jirani hawezi. Mke alishajaribu. Lakini mtani hana mipaka hiyo. Mtani anaruhusiwa hata kulala kaburini mwako akidai fidia. Nilitoka na chupa ya chai.

"Shikamoo, Bwana Mifugo."

"Marahaba, mtumwa wangu. Chai usinimiminie."

"Amekojoa lini mara ya mwisho?"

Akainua kichwa haraka, jicho la kazi. "Nani? Mbwa yuko wapi?"

"Hakuna mbwa. Nakuuliza wewe."

Fundi aliangua kicheko. "Loo! Mnyamwezi leo kavuka mpaka!" Mwanamke wa Kilangali alijifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Mzee hakucheka. Alinitazama sana, nami sikushusha macho.

"Huna adabu," alisema.

"Sina. Nijibu."

Fundi akaacha kucheka. Bwana Mifugo aliutazama mkono wake kwenye kinena, kama mkono wa mgonjwa mwingine aliyeletwa kwake. Alipojibu, alitumia sauti ile ile ya kumweleza daktari kwenye simu.

"Jana asubuhi. Na hayo yalikuwa matone."

"Matone ni yaliyozidi."

"Najua."

"Basi asiyekojoa…"

"Najua, bwana! Si nilisema mimi?" Akashika ukingo wa benchi kuinuka na hakuweza. Fundi alitupa ringi chini, akamshika kwapa, akamwita dereva wa bajaji kwa mluzi. Nikafunga duka na mwanamke wa watu bado ana mbegu mkononi. Njiani mzee alisema neno moja tu, tulipopita kwenye tuta. Alisema, "Taratibu."

Hospitali ya wilaya walimwekea mpira mara moja. Daktari alitoka akatuambia ni tezi dume, na kwamba kesho ingekuwa habari nyingine. Mkewe alikaa chini pale pale kwenye veranda.

Sikumwona kwa majuma kadhaa. Nilimwambia fundi kwamba huenda nimeua utani wetu. Kuna maneno hata watani hawasameheani. Benchi lilikaliwa na wapita njia. Kopo la udongo nililiacha chini yake.

Alirudi siku ya mnada, mchana, anatembea polepole, kanzu pana, na chini ya kanzu mfuko wa ule mpira, ambao wote tulijifunza kutoutazama. Alikuwa amepangiwa upasuaji, anangoja zamu. Aliitikia shikamoo yangu bila kunitazama, akaketi. Kijana mmoja alikuwa dukani anataka sindano ya mbwa. Nilisubiri sauti. Haikuja. Kijana akaanza kufungua waleti.

"Usimuuzie," ikasema sauti kutoka nje. Kisha, "Wewe kijana, njoo. Amekojoa lini mara ya mwisho?"

Kijana akasema hajui. Mzee akamrudisha nyumbani akaangalie. Alipoondoka, Bwana Mifugo aliitazama chupa ya chai niliyoiweka dirishani.

"Mtani," alisema, "njia iko wazi. Mnangoja nini?"

Nilileta kikombe chake kikubwa, nikamimina mpaka kikafurika kwenye kisahani. Nilikuwa nalia, na sikuficha. Alikinywa chote bila kupumzika, akakiweka chini, akajifuta mdomo.

"Maji ya mto," akasema, na akasogeza kikombe mbele nikijaze tena.